Gitaza Haikuhama, Mkoa Ndio Uliohama

Gitaza iko palepale, imebanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika, kando ya barabara ya RN3 itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Hadi Machi 2015 ilihesabiwa katika mkoa wa Bujumbura Vijijini. Tarehe 26 mwezi huo mkoa mpya wa Rumonge ukaundwa, na tarafa ya Muhuta, pamoja na Gitaza yake, ikaingizwa humo. Siku tatu baadaye mvua kubwa ikaporomosha udongo na mawe juu ya makazi ya Gitaza. Watu wakafa, barabara ikakatika. Kisha mwaka 2025 Burundi ikapunguza mikoa yake kutoka 18 hadi 5. Rumonge ikafutwa kwenye orodha, Muhuta ikarudi Bujumbura.

Sasa mfikirie mwandishi wa redio aliyeweka madokezo ya miaka hiyo yote kwenye simu, kila mkoa na folda yake. Habari za maporomoko yale azitafute wapi? Aliziandika wakati hata wenyeji hawajazoea kujiita watu wa Rumonge.

Mpango wa folda ndani ya folda ulikomaa katika mfumo wa kompyuta ulioitwa Multics, miaka ya 1960, na tabia yake ni ya kabati la ofisi: karatasi moja, droo moja. Lebo hazina sharti hilo. Dokezo moja laweza kubeba “Gitaza”, “Muhuta”, “mvua” na “RN3” kwa pamoja, na mkoa ukibadilika unaongeza lebo tu.

Je, folda zitupwe? Watafiti hawasemi kitu kimoja. Mwaka 2011 Steve Whittaker na wenzake walichapisha uchunguzi wa watu 345 waliotafuta barua pepe zao za zamani zaidi ya mara 85,000: waliojichosha kuzipanga kwenye folda nyingi hawakufanikiwa zaidi kuliko waliotafuta kwa neno. Lakini Whittaker huyohuyo, pamoja na Ofer Bergman, alikuwa ameonyesha mwaka 2008 kwamba kwa mafaili yao wenyewe watu hupendelea kupita folda kwa folda, hata wakipewa kitafutio kizuri. Mimi naona folda chache, za kazi inayoendelea, zinatosha. Zaidi ya hapo ni usafi wa kujifurahisha.

Tatizo ni kwamba kitafutio nacho kina ulemavu wake, na sisi waandishi wa Kiswahili ndio tunaoumia. Programu nyingi za simu huhifadhi maandishi kwa hifadhidata iitwayo SQLite, ambayo inaweza kujenga faharasa: kila neno na orodha ya madokezo yaliyo nalo. Ukiandika mwanzo wa neno, faharasa hukuletea mengine yanayoanza hivyo. Kwa Kiingereza, ambacho maneno yake hubadilika zaidi mwishoni, hilo lasaidia sana. Vitenzi vyetu hubadilika mbele. Andika “porom” utapata “poromoka”, lakini “yaliporomoka”, “umeporomoka” na hata “maporomoko” vitabaki vimejificha. Na kwa mwandishi wa Burundi, dokezo la Kirundi au la Kifaransa halitaonekana kabisa.

Dawa moja ilikuja mwishoni mwa 2020, SQLite ilipoongezewa njia ya kukata maandishi vipande vya herufi tatu tatu. “Poromoka” huwa por, oro, rom, omo, mok, oka. Vitano vya kwanza vimo pia ndani ya “maporomoko”, kwa hiyo ukitafuta “poromok” yote mawili hupatikana, chochote kilichotangulia. Si kila programu inayotumia njia hiyo. Kuipima yako ni rahisi: andika “yaliporomoka” kwenye dokezo, kisha tafuta “poromok”. Lisipotokea, anza kila kichwa cha dokezo kwa nomino ileile na tarehe inayotanguliza mwaka, mfano “maporomoko 2015-03-29 Gitaza”. Ukiyapanga kwa alfabeti, maporomoko yote yatajipanga kwa tarehe, na jina la mkoa halitahitajika.