Kindu: rekta mpya anapimwa kwenye gishe ya apariteri

Kijana wa komini ya Mikelenge aliyepata diploma ya serikali na anayetaka kuingia chuo kikuu hakutani na rekta kwanza. Anaanzia ofisi ya komini kutafuta hati ya kuzaliwa na cheti cha mwenendo mwema. Anapita hospitali kwa cheti cha afya, anapita kwa mpiga picha, halafu anarudi shule aliyosomea kuomba buletini za mwaka wa tano na wa sita. Bahasha ikiisha kujaa, anapanga mstari mbele ya apariteri, ofisi inayoandikisha wanafunzi na kutunza mafaili yao. Jina la rekta analisikia redioni, au analisoma kwenye tangazo lililobandikwa ukutani.

Ndiyo maana mabadiliko kwenye kiti cha juu cha chuo kikuu cha serikali yanazungumzwa kwa namna mbili hapa mjini. Wakubwa wanauliza rekta mpya ametoka wapi: ni mtoto wa Maniema au ametumwa kutoka jimbo lingine? Kama ni wa hapa, ni wa Kasongo, wa Kibombo, wa Pangi au wa Lubutu? Wanafunzi wanauliza jambo dogo zaidi: je, karatasi ya pointi iliyoombwa tangu mwaka jana sasa itatoka?

Swali hilo la pili ndilo zito.

Kisheria rekta hafanyi kazi peke yake. Uteuzi wake unatoka Kinshasa, na anaongoza kamati ya usimamizi. Ndani yake kuna katibu mkuu wa masomo, ambaye mitihani, pointi na ratiba za mafundisho ziko mikononi mwake. Kuna katibu mkuu wa utawala, anayesimamia wafanyakazi na mambo ya maisha ya wanafunzi. Kuna pia msimamizi wa bajeti, anayeshika mfuko. Chini yao wako madoyeni wa vitivo na makatibu wao, na chini zaidi wako watu ambao mwanafunzi anawajua kwa sura: papa wa apariteri, mama wa sekretarieti, mtu wa kasha.

Siku ya makabidhiano picha zinapigwa na wale wa juu. Wale wa chini wanabaki mahali pao, na mara nyingi walikuwa pale hata kabla ya rekta aliyetangulia. Wanajua kabati gani lina mafaili ya promosheni gani, kwa sababu sehemu kubwa ya kumbukumbu bado ni karatasi. Rekta anayewadharau atachelewa kujua nyumba aliyoingia. Anayewaachia kila kitu naye atakuta kwamba ndio wanaoamua nani ahudumiwe leo na nani arudi wiki ijayo.

Mfano mzuri ni karo. Mwanafunzi analipa benki, anapewa bordero, anaipeleka ofisi ya fedha, na jina lake linapaswa kufika kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihani. Safari hiyo ya karatasi moja ina vituo vitatu au vinne. Kituo kimoja kikilala, mwanafunzi aliyelipa anatolewa mlangoni pamoja na yule ambaye hakulipa. Juu ya hapo kuna ugomvi wa dola na franka: karo ikihesabiwa kwa dola na mzazi akauza mchele au mafuta ya mawese kwa franka, kiwango cha kubadilisha kinaweza kumwongezea deni bila mtu yeyote kutangaza kwamba karo imepanda.

Jambo la karo si dogo katika nchi hii. Januari 2020, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa waliandamana kupinga kupandishwa kwake. Fujo zilileta vifo, masomo yalisimamishwa, na polisi wakawatoa wanafunzi kwenye mabweni. Waliotoka majimbo ya mbali waliambiwa waondoke huku hawana ndugu wa kuwapokea mjini.

Mfumo wa LMD nao umeongeza uzito wa gishe. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 serikali imeueneza katika vyuo vikuu: lisanse miaka mitatu, mastaa miaka miwili, kisha udaktari. Kila mwaka una krediti 60, kwa hiyo lisanse ni krediti 180. Zamani mwanafunzi aliambiwa amepita au hakupita. Sasa anaweza kusonga mbele akiwa na deni la masomo fulani, na deni hilo lazima liandikwe mahali, lifutwe akishalipa, na lionekane vilevile kwenye kitivo na kwenye apariteri. Kosa la kuandika la mwaka wa kwanza linaweza kujitokeza mwaka wa tatu, wakati mwalimu wa somo hilo, aliyekuja kama profesa mgeni kwa wiki mbili, amekwisha kurudi Kisangani au Lubumbashi.

Kongo ilikwisha kuona mamlaka ya masomo yakienda mbali na mwanafunzi. Mwaka 1971 utawala wa Mobutu uliunganisha Lovanium ya Kinshasa, chuo kikuu cha Lubumbashi na kile cha Kisangani kuwa kimoja, UNAZA, chini ya rekta mmoja, Monsinyori Tharcisse Tshibangu. Ilikuwa miaka miwili baada ya wanafunzi kuuawa kwa risasi mjini Kinshasa, tarehe 4 Juni 1969. Muundo huo ulidumu miaka kumi, na mwaka 1981 vyuo vikuachiliwa tena, kila kimoja na rekta wake. Tabia ya kungoja jibu kutoka Kinshasa haikuisha siku hiyo.

Kindu inalijua hilo kwa sababu ya umbali. Hakuna barabara nzuri ya kwenda mji mkuu, na reli ya SNCC inashuka Katanga, haiendi Kinshasa. Rekta akipanda ndege kwenda wizarani, hati zinazotaka sahihi yake zinaweza kulala mezani mpaka arudi, isipokuwa kama ameacha waziwazi mtu wa kumkaimu. Kwa anayengoja cheti ili aombe kazi yenye tarehe ya mwisho, wiki tatu zinatosha kupoteza nafasi.

Haki inadai pia kusema upande wa makarani. Katika vyuo vya serikali kuna wafanyakazi wanaokaa miaka bila matrikule, au wenye matrikule lakini hawapati mshahara wa serikali. Wanaishi kwa marupurupu ya ndani, ambayo yanatoka kwenye karo ileile ya wanafunzi. Mtu wa namna hiyo akiombwa karatasi, majaribu ya kudai "maji kidogo" yako karibu sana. Kumfukuza ni rahisi. Kumlipa kwa tarehe inayojulikana ni kazi ya msimamizi wa bajeti, na hapo ndipo rekta anaweza kumbana.

Kuna mambo yasiyongoja fedha za Kinshasa. Karo na kiwango cha franka vinaweza kubandikwa kabla masomo hayajaanza. Kila anayeomba hati anaweza kupewa risiti yenye tarehe ya kurudi, na bei ya kila hati ikaandikwa juu ya gishe. Matokeo yanaweza kutangazwa siku iliyosemwa. Saa za kazi nazo zinaweza kuheshimiwa, kwa sababu mwanafunzi wa Alunguli analipa mtumbwi kuvuka Lualaba, na akikuta mlango umefungwa analipa tena kesho yake.

Wa kutoka Kabambare hawezi kurudi kesho. Anamwachia rafiki yake wa Mikelenge nakala ya bordero na namba ya simu, na rafiki huyo ndiye anayepanga mstari asubuhi.