Mtoto wa selimundu anapokoroma

Mtoto akikoroma, wengi wetu husema kalala fofofo. Kwa mtoto mwenye selimundu, mkoromo wa kila usiku ni habari ya kumpelekea daktari.

Kaunti yetu ya Taita Taveta ina historia na ugonjwa huu, kupitia malaria. Taveta ilisumbuliwa na malaria hata ikaingizwa katika mradi wa Pare-Taveta wa kunyunyizia nyumba dawa miaka ya 1950. Mwaka 1954 Anthony Allison, mtafiti aliyekulia Kenya, alionyesha kuwa anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo maana jeni hiyo imedumu kwetu. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye huugua.

Seli nyekundu za mtoto huyo zikipungukiwa na oksijeni hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Usiku misuli ya koo hulegea. Ikiwa mafindofindo yamevimba, au nyama za nyuma ya pua zimekua, njia ya hewa huziba: mtoto hukoroma, hunyamaza ghafla, kisha hushtuka akitweta. Katika kimya hicho oksijeni hushuka. Mwaka 2001 watafiti wa London waliandika katika jarida la Lancet kwamba watoto wa selimundu wenye oksijeni ya chini usiku walipatwa zaidi na kiharusi na matatizo mengine ya ubongo.

Kwa hiyo mzazi wa Mwatate au Kaloleni anayempeleka mwanawe Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, asitaje maumivu ya mifupa pekee. Aeleze pia jinsi mtoto anavyolala: anapumulia mdomo? Hulala shingo ameikunja nyuma? Huamka kichwa kikimuuma? Video fupi ya simu, kifua kikionekana, humsaidia sana daktari. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kinachofanywa mchana mtoto akiwa macho hakitoshi, kwani oksijeni yaweza kuwa sawa mchana na kushuka usiku.

Mafindofindo yanaweza kuondolewa kwa upasuaji, lakini lazima madaktari wajue mapema kuwa mtoto ana selimundu. Mara nyingi huongezewa damu kwanza. Na tafadhali, asipelekwe kukatwa kimio kwa wembe. Kimio sicho kinachomziba, na jeraha hilo likivuja damu au kuingia vijidudu, linaweza kumwamshia maumivu makali ya selimundu.