Sura ya Saba: Kumalizia Mashua Kabla ya Kuishua

Mashua inayojengwa Sumbawanga hujengwa kwa mbao ambazo bado hazijafikia unene wake wa kweli. Mji uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuanzia mvua zinapokatika mwezi Mei, upepo mkavu na wa baridi hupita Ufipa miezi mitano mfululizo. Mbao zilizopangwa kivulini wakati huo hukauka sana. Ziwa Tanganyika liko chini kwa zaidi ya mita 1,000, na siku mashua itakapokaa majini kila ubao utaanza kunywa. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kumalizia mashua ni kuandaa nafasi ya uvimbe huo. Fundi anayeziba kila mwanya mpaka ukakauka kama jiwe bado hajamaliza kazi, ameiharibu.

Ubao huvimba kwa upana na kwa unene, lakini urefu wake hubadilika kidogo mno. Mistari mirefu kati ya ubao na ubao itajibana yenyewe majini. Mahali ncha mbili zinapokutana hapatajibana kamwe, na ndipo panapostahili uangalifu wako wote wa kukalafati. Aina ya mti nayo ina neno lake. Mninga, unaoota katika miombo ya ukanda huu, husinyaa na kuvimba kidogo sana, kwa hiyo ni rafiki wa mjenzi. Msonobari ni mwepesi na hupindika vizuri kwenye mataruma, lakini hucheza zaidi, basi uachie nafasi kubwa.

Kalafati yenyewe ni pamba iliyosokotwa, ikaingizwa kwa patasi butu na nyundo ya mbao. Ishindilie ikae imara, usiijaze hadi usoni. Pamba iliyojazwa kupita kiasi kwenye mbao kavu haina pa kwenda ubao unapovimba: husukuma mbao zitengane na mataruma na kulegeza misumari. Juu yake weka lipu laini isiyokakamaa.

Mafundi wa pwani hupaka chini ya chombo deheni, yaani shahamu na chokaa, kuzuia funza wa baharini wanaotoboa mbao. Ziwani funza hao hawapo. Adui wa ziwani ni kuoza, na kuoza huanzia ndani. Chumvi ya bahari huzuia kwa kiasi fulani ukungu unaokula mbao. Maji ya mvua yanayotuama kwenye ngama hayana kinga hiyo. Kwa hiyo paka rangi ndani kwa bidii ileile unayopaka nje, toboa vijia vya maji chini ya mataruma yote, na acha hewa ipite chini ya mbao za sakafu. Ncha za mbao hunywa kuliko ubavu, basi zipake mara nyingi zaidi.

Kwa wakati wa kupaka, Sumbawanga ina sheria yake. Asubuhi za Juni na Julai umande hulala juu ya kila kitu. Ngoja jua liukaushe kabisa, na uache kazi mapema alasiri ili rangi ikauke kabla ya baridi kurudi. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu itabanduka.

Bolti na bawaba za usukani zipake grisi nene zikiwa bado kavu. Historia ya ziwa hili hili inaonyesha kwa nini. Meli Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, ililetwa vipande vipande hadi Kigoma na kushuliwa mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka injini grisi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari tena kwa jina Liemba, ikipita hadi Kasanga.

Safari ya lori kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi Kasanga ni mtihani wa kwanza wa mashua yako. Itegemeze chini ya mkuku na chini ya mataruma, si kwenye ubao mtupu, na uifunike turubai. Ukifika ufukweni, tandaza magunia yaliyoloweshwa ndani kwa siku mbili tatu, ukiyaongezea maji. Kisha iingize kwenye maji ya magoti. Itavuja. Usiguse pamba siku hiyo. Fua maji, ngoja kesho yake, ukalafati panapoendelea kuvuja tu. Farumi ya magunia ya mchanga itie sasa, mashua ikiwa inaelea, ukiisogeza omo na tezi mpaka ikae sawa, na ifunge isiteleze mashua inapolala ubavu.

Mlingoti, foromali na tanga vijaribiwe kwanza nchi kavu siku isiyo na upepo, henza ikivutwa na kuachiwa mpaka tanga lishuke lenyewe bila kukwama. Hilo ni jambo la uhai. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu kwenye ncha hii ya ziwa, ukisukuma maji ya juu kwenda kaskazini. Mgeni anayetoka Kasanga hupelekwa kaskazini kwa raha, kisha hana budi kupiga bisho kurudi. Anza kwa kupiga bisho karibu na ufukwe, jaketi okozi ukiwa umeivaa, na usipite mahali ambapo unaweza kurudi kwa makasia.