Kupima Vitabu vya Mafunzo vya Vikundi vya Wanawake

Tuombwapo kuchagua kitabu cha mafunzo juu ya wanawake wa Biblia, yafaa tuanze na somo la Maria Magdalena. Hilo ni kipimo chema.

Kitabu kikimwita kahaba aliyetubu, tusimame. Luka 8:2 hueleza kwamba alitokwa na pepo saba. Mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7:36-50 hakutajwa jina. Ni Papa Gregori wa Kwanza, katika mahubiri ya yapata mwaka 591, aliyewafanya hao kuwa mtu mmoja, pamoja na Maria wa Bethania.

Hasara yake si ndogo. Katika Yohana 20:17-18 Bwana amtuma Maria kuwapasha wanafunzi habari. Akina mama wafundishwao toba yake tu hunyimwa utume wake.

Kwa hiyo tuulize mambo matatu. Je, mwandishi ametenganisha Maandiko na mapokeo? Je, maswali yake huwarudisha wasomaji kwenye Biblia, au majibu yamekwisha kutolewa? Je, mwanamke huyo ni kielelezo cha tabia njema tu, yaani sheria, au Injili nayo yasikika?

Kitabu chenye kosa si lazima kitupwe. Kiongozi aweza kukisahihisha, Biblia ikiwa wazi mbele ya kikundi. Lakini wengi wetu tumemhubiri Maria vivyo hivyo madhabahuni. Basi masahihisho na yaanzie katika mahubiri yetu.