Uzamivu unaosomwa mbele ya mgonjwa

Jumapili asubuhi, Desemba 3, 2023, matope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Serikali ilipeleka wanajeshi, madaktari na chakula, na pamoja nao maofisa ustawi wa jamii wa kukaa na waathirika na kuwasikiliza. Lakini msaada wa dharura una siku yake ya mwisho, na majonzi hayafuati kalenda hiyo. Mama aliyeona mwanawe akichukuliwa na matope anaweza kuzika, akapokea rambirambi, akahamia nyumba mpya, kisha mvua za mwaka unaofuata zikaanza kugonga bati na usingizi ukamtoroka kabisa. Atakwenda zahanati kusema kichwa kinauma na moyo unakwenda mbio. Atapewa dawa ya maumivu. Anayemhitaji ni mtu aliyefunzwa kutibu hofu ya namna hiyo, tena anayefikika kwa nauli ya kawaida.

Mtu huyo anapatikanaje? Swali hili lina uzito wake katika nyanda za juu za Mbulu, kaskazini ya Hanang, iliko kata ya Endagikot. Tuseme binti wa hapo amemaliza kidato cha sita, ana alama nzuri, na ameamua kwamba kazi yake itakuwa kutibu watu kwa mazungumzo. Nyumbani watamuuliza: utakuwa daktari au hutakuwa? Wazazi wengi hawajawahi kuelezwa tofauti, kwa hiyo tuieleze hapa. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili anaanza na udaktari wa tiba, kisha anabobea, na anaandika dawa. Mwanasaikolojia tiba anaanza na shahada ya saikolojia. Hupima namna mtu anavyofikiri, anavyokumbuka, anavyohisi na anavyoishi na wenzake, hutambua tatizo, kisha hulitibu kwa mazungumzo yenye utaratibu, wiki baada ya wiki. Dawa kwa kawaida haandiki. Wagonjwa wengi wanawahitaji wote wawili.

Kwa binti wetu, ngazi iliyo wazi nchini Tanzania ni ya uzamili. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kinatoa shahada ya uzamili ya saikolojia tiba. Akitaka kupanda zaidi ya hapo, njia iliyozoeleka ni uzamivu wa kawaida, ule wa PhD, ambao kiini chake ni utafiti na tasnifu. Mtu anaweza kutunukiwa PhD nzuri ya saikolojia bila kuketi na mgonjwa hata mmoja. Hakuna ubaya katika hilo. Bila watafiti tusingejua tiba ipi inasaidia na ipi inapoteza muda. Tatizo ni kwamba anayetaka kuwa bingwa wa kutibu anasukumwa kwenye ngazi iliyojengwa kwa ajili ya mtu mwingine, na akishafika juu anaajiriwa kufundisha chuoni. Mgonjwa wa Mbulu anabaki alipokuwa.

Dunia imeshakutana na tatizo hili. Mwaka 1896 mwanasaikolojia Lightner Witmer alifungua kliniki ya kwanza ya saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na miongoni mwa wateja wake wa mwanzo alikuwa mvulana aliyeletwa na mwalimu wake kwa sababu alishindwa kuandika maneno kwa herufi sahihi. Kazi ilianza na mtoto mmoja mwenye shida moja. Baada ya Vita Kuu ya Pili Marekani ilihitaji waganga wengi wa nafsi kwa ajili ya askari waliorudi. Mkutano wa wanasaikolojia uliofanyika Boulder mwaka 1949 ukaweka kanuni kwamba mwanasaikolojia tiba afunzwe kuwa mtafiti na mtibabu kwa pamoja. Kanuni nzuri, ila vyuo viliuegemeza mzigo upande wa utafiti. Wahitimu waliandika tasnifu zilizokamilika, lakini hawakuwa wameandaliwa vya kutosha kwa mgonjwa anayefunga mlango na kuanza kulia.

Mwanasaikolojia Donald Peterson alikuwa ndani ya mfumo huo, katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1968 chuo hicho kilianzisha shahada mpya ya uzamivu, udaktari wa vitendo unaoitwa PsyD, iliyoweka tiba mbele ya utafiti, yeye akiwa kiongozi wake. Mkutano wa Vail, Colorado, mwaka 1973 uliikubali kama njia halali ya kuingia katika taaluma, na baadaye Peterson akaongoza shule ya namna hiyo katika Chuo Kikuu cha Rutgers. Muundo wake kwa kawaida ni huu: miaka minne hadi sita ya masomo, vipindi vya kliniki tangu mapema, andiko la mwisho linalohusu tatizo la kitabibu, na mwaka mzima wa kufanya kazi hospitalini au kwenye kliniki chini ya msimamizi. Moyo wake ni huo usimamizi. Mwanafunzi anaketi na mgonjwa, kisha anaketi na mkufunzi wake na kueleza alichosema, alichonyamazia na kwa nini. Anakosolewa. Wiki inayofuata anarudi kwa mgonjwa yuleyule. Uingereza nayo ina udaktari wa miaka mitatu wenye mwelekeo huo, na wanafunzi wake wanalipwa mshahara na huduma ya afya ya taifa wakati wakisoma.

Karibu na sisi, Chuo Kikuu cha USIU-Africa jijini Nairobi kinatoa PsyD ya saikolojia tiba. Kenya ilikwenda mbali zaidi ikatunga sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia mwaka 2014, ili jina la mwanasaikolojia lisitumiwe na yeyote apendaye. Kwa hiyo binti wa Endagikot anaweza kupanda basi la Karatu na Arusha, akavuka Namanga, na kuisomea shahada hii bila kutoka Afrika Mashariki. Gharama ni jambo zito na lazima lisemwe. Marekani wanafunzi wengi wa PhD ya saikolojia tiba husamehewa ada na kulipwa posho ya kufundisha au kutafiti, wakati wenzao wa PsyD mara nyingi hujilipia wenyewe na kumaliza na madeni makubwa. Anayeambiwa kwamba shahada hii ni njia ya mkato, ahesabu kwanza ada.

Wapo pia wanaosema PsyD inapunguza uzito wa sayansi. Naichukulia hoja hiyo kwa uzito, na Mbulu yenyewe inaonyesha kwa nini. Wafugaji wengi wa huku wana nguruwe, na wengi wa nguruwe hao wamezoea kuzurura. Mahali pasipo na vyoo bora, mayai ya mnyoo tegu kutoka kinyesi cha binadamu humwingia nguruwe, na humwingia binadamu mwingine pia. Viluwiluwi vinavyoanguliwa vikifika kwenye ubongo wa binadamu huyo hujenga vifuko, na mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka anaanza kuanguka kifafa, au anabadilika tabia, au kumbukumbu inapotea. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei katika wilaya hii, imeshiriki katika tafiti za kifafa chini ya daktari wa mishipa ya fahamu Andrea Winkler, na tafiti hizo ziliuangalia ugonjwa huu wa tegu. Mwanasaikolojia asiyesoma matokeo ya tafiti atamkalisha mgonjwa wa namna hii kwenye kiti na kumuuliza habari za ndoa yake kwa miezi sita. Ubongo wake una vifuko. Udaktari wa vitendo unaofaa ni ule unaomfundisha mtibabu kusoma utafiti kwa ajili ya mtu aliyeketi mbele yake.

Na mtu huyo anazungumza lugha gani? Mbulu na Hanang ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambako jamii kuu nne za lugha zinakutana. Kuna Wairaqw wenye lugha ya Kikushi, Wadatooga wa Kiniloti, Wanyisanzu na wengine wa Kibantu, na Wahadzabe wa bonde la Yaeda wenye lugha ya vidoko. Kiswahili kinawaunganisha sokoni, shuleni na kanisani. Bibi wa Kiiraqw anaweza kujibu kwa Kiswahili maswali yote ya dodoso la sonona na asiguse lililomleta, kwa sababu lililomleta hulisema kwa lugha ya mama yake, tena polepole. Mtafsiri akiwa mjukuu wake, atalimeza. Sioni namna ya kulifundisha hili katika ukumbi wa mihadhara; mtu hulijifunza chumbani, mbele ya bibi, na msimamizi anayeijua jamii akiwa jirani.

Desturi nazo zina sehemu yake. Zamani nyumba ya Kiiraqw iliyofikwa na mkosi wa aina fulani, kama mimba kuharibika au mtoto kufa, iliingia metimani: ilitengwa na majirani kwa muda ili mkosi usisambae. Makanisa na serikali viliipinga, na kwa sehemu kubwa imefifia. Lakini mama aliyepoteza mimba na kujifungia ndani leo anaweza kuwa mgonjwa wa sonona, anaweza kuwa anatii aliyofundishwa na mama mkwe, na anaweza kuwa yote mawili. Tiba ya kila hali ni tofauti. Mganga wa nafsi asiyejua hata kuuliza atakosea akiwa na nia njema.

Ipo hoja inayopingana na yangu, nayo ni ya kweli. Mwanaanthropolojia Ole Bjørn Rekdal aliandika mwaka 1999 kwamba Wairaqw kwa muda mrefu wamekuwa wakitafuta waganga wa makabila mengine, kwa imani kwamba uwezo mkubwa uko mbali na nyumbani. Mahali ambapo kila mtu ni shemeji wa mtu, siri huonekana salama zaidi mikononi mwa mgeni. Anayetaka kukiri kwamba alijaribu kujiua ana hofu ya ziada, maana kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio hilo kuwa kosa. Mtibabu mzawa atalazimika kuithibitisha siri yake kwa miaka kabla ya kuaminiwa. Kwa hiyo sidai kwamba Mbulu itibiwe na Wambulu peke yao. Ninachodai ni kwamba yeyote atakayeitibu awe amefunzwa humuhumu Mbulu.

Afrika Kusini inampeleka mwanasaikolojia tiba mpya kutumikia jamii kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza kazi kwa uhuru wake, na wengine hupangiwa hospitali za vijijini. Tanzania inaweza kuupanua mpango wa namna hiyo uwe sehemu ya udaktari wenyewe. Muhimbili ina walimu na shahada ya uzamili ya kuanzia. Haydom, hospitali za wilaya za Mbulu na Hanang, na hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, Dodoma, zina wagonjwa. Mkoa wa Manyara una watu wapatao milioni 1.9 kwa sensa ya 2022. Hautakosa kazi ya kumpa mwanafunzi. Kinachokosekana ni shahada ya udaktari wa vitendo iliyoidhinishwa na Tume ya Vyuo Vikuu, wasimamizi wanaolipwa kusimamia, na nafasi katika muundo wa utumishi wa umma inayomtambua mhitimu kama mtibabu bingwa. Bila nafasi hiyo, hata atakayesoma Nairobi kwa fedha za ukoo atarudi na kuajiriwa kama ofisa wa kujaza fomu.

Wizara ya Afya, Tume ya Vyuo Vikuu na Muhimbili wakae pamoja waanzishe shahada hii, na wanafunzi wa kwanza wafanye mwaka wao wa kliniki Mbulu na Hanang. Na wewe kijana wa Endagikot unayeifikiria kazi hii, kabla ya kulipa ada ya chuo chochote kiulize maswali mawili: nitaketi na wagonjwa kwa saa ngapi, na nani atakuwa ananisimamia?