Keki ya Euro Moja, Somo la Euro Sitini

Katika mkahawa wa kawaida jijini Lisbon, pastel de nata, keki ndogo ya mayai na maziwa yenye madoa meusi juu, huuzwa kwa euro moja na ushei. Mtaa wa pili kutoka hapo, mtalii huvalishwa aproni, hufundishwa kuitengeneza keki hiyohiyo kwa saa mbili au mbili na nusu, na hulipa euro 50 hadi 70. Mwenye mkahawa itambidi auze keki zaidi ya 400 ili aingize kile kinacholetwa na kundi moja la wanafunzi kumi.

Pengo hilo ndilo linaloendesha biashara ya madarasa ya upishi kwa wasafiri nchini Ureno. Madarasa hayo yamezagaa Lisbon na Porto, na mengi hufundisha vyakula ambavyo Mreno wa kawaida hula akiwa amesimama kaunta. Ukizipitia hesabu zake, unaona kwamba chakula ni sehemu ndogo sana ya kinachouzwa. Mteja ananunua muda wa mtu anayejua kazi, na muda huo hauwezi kuongezwa kama unavyoongeza unga.

Soko lenyewe ni kubwa. Mwaka 2019 nyumba za wageni za Ureno zilipokea wageni takriban milioni 27, wa ndani na wa nje. Korona ikaja, na mwaka 2020 idadi ikaporomoka hadi milioni 10 na kidogo. Kufikia 2023 ilikuwa imepanda hadi milioni 30, na mwaka 2024 ikapita milioni 31, katika nchi yenye wakazi wasiofika milioni 11. Mapato kutoka kwa watalii wa kigeni mwaka 2024 yalizidi euro bilioni 27. Mgeni akishamaliza ngome, makanisa na tramu, hutafuta jambo la kufanya kwa mikono yake, na darasa la upishi lina sifa ambayo ufukwe hauna: linafanyika ndani, hata mvua ya Januari ikinyesha.

Mtaani ni wapi?

Ureno si nchi ya mikokoteni ya chakula. Kinachoitwa chakula cha mtaani huko hupatikana hasa kwenye tasca, vimkahawa vya familia vyenye kaunta ndefu na meza chache. Hapo utakuta bifana, mkate mdogo uliojazwa vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa kitunguu saumu, divai nyeupe na jani la bay. Utakuta prego, ndugu yake wa nyama ya ng'ombe, na vitumbua vya samaki wa chumvi viitwavyo bolinhos de bacalhau. Kule Porto kuna francesinha, mkate wa nyama uliofunikwa jibini na kumwagiwa mchuzi. Barabarani hasa, majiko ya mkaa hutoka mwezi Juni, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Antonio Lisbon na ya Mtakatifu Yohana Porto, na moshi wa sardini wanaochomwa hutanda mitaa mizima.

Tasca zina wakati mgumu katikati ya jiji. Pango limepanda kadiri majengo yanavyogeuzwa hoteli na nyumba za kupangisha watalii, na mwaka 2015 Manispaa ya Lisbon ilianzisha mpango wa kulinda maduka ya kihistoria, Lojas com História. Anayeuza mkate wa euro tatu au nne anahitaji chumba kinachotazama barabara yenye watu, na chumba cha namna hiyo ndicho ghali kuliko vyote. Darasa halina shida hiyo. Mteja amekwisha kulipa kabla hajafika, kwa hiyo chumba kinaweza kuwa ghorofa ya tatu au uani, mradi kiwe na maji, oveni na meza ndefu. Ujuzi uleule ambao haulipi pango ukiuzwa kama mkate, unalilipa ukiuzwa kama somo.

Wauzaji ni wa aina tatu. Wapo wapishi wanaokaribisha watu wachache jikoni kwao. Zipo studio zilizojengwa mahsusi, zenye vituo vya kazi kumi au ishirini. Halafu yapo majina makubwa yaliyoweka somo ubavuni mwa biashara nyingine. Time Out Market, ukumbi wa chakula uliofunguliwa mwaka 2014 ndani ya soko la zamani la Ribeira, una jiko lake la mafunzo.

Kazi ya siku mbili ndani ya saa mbili

Ugumu wa kwanza wa biashara hii ni wa kiufundi. Unga wa pastel de nata, au nata kwa kifupi, hukunjwa na siagi mara kadhaa, na kila mara hupumzishwa kwenye baridi. Mwisho husukumwa na kuviringwa kama mpishi anavyoviringa chapati ya tabaka kabla ya kuikata. Gogo hilo hulala kwenye friji, ikiwezekana usiku kucha. Samaki wa bacalhau, ng'onda wa bahari za kaskazini anayetoka zaidi Norway, hulowekwa kwa siku moja au mbili huku maji yakibadilishwa, la sivyo chumvi yake haitalika. Mgeni mwenye ndege ya saa kumi hana muda huo.

Kwa hiyo darasa limegawanywa. Kilicho kigumu na kinachochosha hufanywa kabla mgeni hajafika, naye huachiwa hatua zenye raha. Mwalimu hutoa gogo la unga lililokwisha lala, analikata vipande vya kimo cha sentimita mbili hivi, na kila mwanafunzi hukisimamisha kipande chake ndani ya kibati, sehemu yenye mzunguko ikitazama juu. Kisha huchovya kidole gumba kwenye maji, hubonyeza katikati, na kuusukuma unga taratibu upande kwa upande hadi ufike ukingoni. Chini ubaki mwembamba, ukingo uwe mnene kidogo. Asiyelowesha kidole huuchana unga, na anayeharakisha huacha tundu ambalo kastadi, ule mchanganyiko wa mayai na maziwa, itapitia na kuungua kibatini. Kwenye vitumbua vya samaki, somo ni la vijiko viwili: rojo la samaki, viazi, vitunguu na kotimiri hupokezanwa kati ya kijiko na kijiko hadi lipate pande tatu, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta.

Oveni nayo ina siri yake ya kibiashara. Madoa meusi ya nata huhitaji moto mkali kuliko ule wa oveni nyingi za nyumbani, ambazo huishia nyuzi 250 hivi. Studio inayonunua oveni ya kiwanda hupata keki nzuri ya kupigwa picha, lakini mteja akirudi nyumbani hataifikia. Mwalimu mwaminifu hulisema hilo mapema. Wengine hutumia makusudi oveni ya kawaida, ili kinachofundishwa kiwe kinachoweza kurudiwa.

Hesabu ya meza moja

Tuchukue mfano wa kundi la watu 10, kila mmoja akilipa euro 60. Mauzo ni euro 600. Kodi ya ongezeko la thamani kwa kiwango cha kawaida cha Ureno, asilimia 23, ikiwa ndani ya bei, inaondoa takriban euro 112. Jukwaa la mtandaoni lililomleta mteja likichukua asilimia 25, inaondoka euro 150. Mayai, maziwa, sukari, unga, siagi na mdalasini, kwa makadirio ya euro 3 kwa kichwa, ni euro 30. Inabaki kama euro 308 ya kulipia mwalimu, msaidizi, pango, umeme, bima na aproni za kufua.

Sasa kundi lile liwe la watu wanne. Mauzo yanashuka hadi 240, na kwa hesabu ileile kinachobaki ni euro 123. Mwalimu ni yuleyule, pango ni lilelile, oveni inawaka vilevile. Hapo ndipo faida na hasara zinapoamuliwa, wala si kwenye bei ya mayai. Madarasa mengi huweka idadi ya chini ya kuanzia, na wamiliki huangalia kiti kitupu kwa wasiwasi uleule wa mwenye basi. Juu nako kuna dari: ukizidisha watu 12 au 15 kwa mwalimu mmoja, vidole gumba vinakosa msimamizi, na malalamiko yanaonekana kwenye maoni ya wateja wiki hiyohiyo.

Anayemshika mteja

Maoni hayo ndiyo mtaji wa pili. Mtalii anayekaa Lisbon kwa siku tatu hana jirani wa kumuuliza, kwa hiyo hutazama nyota. Airbnb ilipoanzisha kitengo chake cha shughuli za wageni mwezi Novemba 2016, mpishi wa nyumbani alipata mlango wa dunia nzima bila kufungua duka, kwa kamisheni ya asilimia 20. GetYourGuide, iliyoanzia Zurich mwaka 2009 na kuhamia Berlin, na Viator, iliyonunuliwa na TripAdvisor mwaka 2014, nazo hutoza kamisheni inayokaribiana na hiyo au kuizidi.

Kamisheni si wizi. Bila majukwaa hayo, darasa la ghorofa ya tatu lisingejulikana na mtu wa Toronto. Hatari ni kwamba jukwaa linapanga orodha, na kwenye orodha madarasa yote ya nata yanafanana: picha ileile ya keki, saa zilezile, glasi ileile ya divai ya Porto. Vitu vikifanana, mnunuzi huchagua kwa bei.

Hakuna pia ukuta wa kuwazuia washindani wapya. Duka la Pastéis de Belém, lililofunguliwa mwaka 1837 karibu na monasteri ya Jerónimos, linatunza kanuni yake kwa siri na jina lake ni mali yake. Simulizi yake inaanzia kwa watawa, ambao nyumba zao zilifungwa kwa amri ya serikali mwaka 1834. Lakini jina pastel de nata ni la kila mtu, na kanuni za kawaida zimejaa vitabuni. Yeyote mwenye meza na oveni anaweza kufundisha.

Kinachobaki kuwa kizuizi ni sheria na watu. Anayeuza shughuli za kitalii kama kazi hujisajili kwenye daftari la taifa linalosimamiwa na Turismo de Portugal, akiwa na bima ya ajali. Mamlaka ya usalama wa chakula, ASAE, inaogopwa na kila mwenye jiko, na kitabu cha malalamiko lazima kiwepo, mteja akikitaka apewe. Kuhusu watu, kima cha chini cha mshahara kilikuwa euro 870 kwa mwezi mwaka 2025, hulipwa mara 14 kwa mwaka, na mwajiri huongeza asilimia 23.75 ya hifadhi ya jamii. Lakini mwalimu wa kima cha chini hapatikani. Anatakiwa mtu ajuaye jiko, azungumze Kiingereza na ikibidi Kifaransa, aweze pia kuwachekesha watu kumi wasiofahamiana. Hao ni wachache, na mzuri akishapata jina huondoka kwenda kuanzisha darasa lake.

Menyu inayopita mipaka

Uchaguzi wa chakula cha kufundisha nao ni uamuzi wa kibiashara. Bifana ina ladha na hadithi, lakini inamfungia mlango Mwislamu, Myahudi na asiyekula nyama. Sardini wabichi hupungua uvuvi unapofungwa wakati wa baridi. Nata haina nyama, viungo vyake vinapatikana mwaka mzima na vinapatikana pia nyumbani kwa mteja. Ndiyo maana imetawala soko. Hata hivyo, Mwislamu atafanya vizuri kuuliza, kwani baadhi ya vyakula vya kuoka vya Ureno hutumia mafuta ya nguruwe.

Wanaotaka kujitofautisha wameanza kutazama kwingine. Kwenye kabati za vioo za mikahawa ya Lisbon, karibu na vitumbua vya samaki, hukaa chamuças, sambusa zetu hizi, zilizofika kutoka Goa na kupitia familia za Kihindi zilizohama Msumbiji baada ya uhuru wa 1975. Kuku wa piri-piri naye ana Msumbiji na Angola ndani yake, ingawa pilipili yenyewe ililetwa Afrika na Wareno kutoka Amerika. Somo la sambusa na kuku wa pilipili lingeieleza Ureno kwa ukweli zaidi ya keki ya kumi na moja iliyofanana na kumi zilizotangulia.

Kwa mfanyabiashara wa Zanzibar, ambako watalii walizidi laki saba mwaka 2024 na ziara za mashamba ya viungo tayari huunganishwa na mapishi, Lisbon inatoa mafunzo yanayoweza kutumika papo hapo. Urojo wa Forodhani hauwezi kupandishwa bei mara kumi, lakini somo la kuupika linaweza. Kundi lisiwe dogo mno wala kubwa mno, kazi ya kuchosha ifanywe mapema, na mpishi mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mama aliyepika miaka yote kwa malipo kiduchu, awe na hisa kwenye bei, kwa sababu yeye ndiye bidhaa.

Lisbon yenyewe inaelekea kwenye mchujo. Kodi ya usiku kwa mtalii, iliyoanza na euro 1 mwaka 2016, ilifika euro 4 Septemba 2024, na wakazi wanazidi kulalamikia wingi wa wageni. Wanaotegemea jukwaa moja na keki moja watabanwa na bei. Wenye nafasi nzuri ni wale wanaoletewa makundi na makampuni, wanaopokea wateja kupitia tovuti zao wenyewe, na wanaomlipa mwalimu vizuri kiasi cha kumfanya asitamani kuhama.