Addis Ababa iko juu: habari kwa wamama wanaotaka kusafiri

Wamama wenzetu, tangu turudi Ethiopia munatuuliza juu ya vitenge na bei zake. Hayo wachuruzi wetu watayaeleza siku ya mkutano. Sisi tunataka kusema juu ya hewa ya kule, kwa sababu iliwagawa wamama wa chama hata kabla hatujaondoka.

Tulikuwa watano, na hakuna kati yetu aliyewahi kufika mji wa juu namna ile. Ndeke inaondoka Lubumbashi, na ukishuka Addis Ababa uko mita karibu 2 350 juu ya bahari. Likasi yetu iko karibu 1 300. Kule, pumzi moja inaleta oksijeni pungufu kwa robo ukilinganisha na kando ya bahari. Hapa kwetu upungufu ni kama sehemu moja kati ya saba. Basi mtu wa Likasi amekwisha kuzoea kidogo, kuliko yule anayetoka Matadi ao Dar es Salaam. Hata hivyo, siku ya kwanza tulipanda ngazi za nyumba ya wageni tukasimama katikati, kila mmoja akijifanya anatafuta kitu katika saki. Wawili waliumwa kichwa. Tulikunywa maji mengi, tukalala mapema, na siku ya tatu ilikuwa imepita.

Jikoni ndipo tulishangaa zaidi. Tulipika maharagi kama tunavyopika hapa, saa zikaenda, maharagi bado magumu. Sababu ni kwamba kule juu maji yanachemka kwenye digrii karibu 92 tu. Yanatokota vizuri lakini moto wake ni mdogo. Mama wa nyumba alituazima sufuria ya kufunga kwa nguvu, akatucheka, kisha akatukaribisha kahawa. Kwao kahawa inamiminwa mara tatu, na ile ya tatu inaitwa baraka. Tulielewa bila mkalimani.

Mji huo ulichaguliwa na mwanamke. Menelik na watu wake walikuwa wanakaa juu zaidi, kwenye mlima Entoto, penye baridi na kuni haba. Mwaka 1886 mke wake, Taytu Betul, alipenda maji ya moto ya Filwoha kule chini, akataka nyumba hapo, akapaita Ua Jipya, ndiyo maana ya Addis Ababa. Baadaye milima ikapandwa mikaliptusi, ili watu wapate kuni. Tulipopanda Entoto, inayopita mita 3 000, tulipishana na wamama wanaoshuka na mizigo ya kuni mgongoni. Sisi tulikuwa na mikono mitupu, na tulihema kuliko wao.

Sasa lile lililotugawa. Mmoja wetu ana binti wa miaka minane mwenye damu SS, yaani drepanositozi. Alitaka kwenda naye. Munganga alimwambia: si safari hii. Akamwacha kwa bibi yake, na hapa Likasi wengine wakasema amemtupa mtoto ili akafanye biashara.

Hatukubali maneno hayo. Katika damu ya SS, oksijeni ikipungua, chembe nyekundu zinajikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Hapo maumivu ya mifupa na ya kifua yanaanza. Baridi inaongeza, kukosa maji kunaongeza. Tulienda Agosti, wakati wa vakanse: hapa ni vumbi na jua, kule ni mvua karibu kila siku, na usiku joto linashuka hadi digrii 10 hivi. Tena hewa ndani ya ndeke yenyewe inafanana na hewa ya mlimani. Mtoto aliyetoka lopitali mwezi wa Juni angeyapata yote hayo kwa siku moja, mbali na munganga anayemjua.

Hatusemi mtoto wa SS asisafiri kabisa. Wapo wanaosafiri, baada ya munganga kupima damu na kutoa ruhusa. Mama mwenye mimba, ao mwenye upungufu wa damu, naye aulize kabla ya kununua tikiti. Mwenye AS kwa kawaida hapati shida katika mji kama Addis, lakini asikimbie kupanda Entoto. Na wale wasiojua damu yao, kipimo kinaitwa elektroforezi. Vijana wanaojiandaa kuoana wangekifanya hata bila safari yoyote.

Binti aliletewa kofia ya sufu, anaivaa hata kwenye joto. Mama yake ameomba chama kipange safari ya Kolwezi wakati wa Pasaka. Kolwezi haipiti mita 1 500, barabara ni yetu, na munganga amekwisha kukubali. Wanaotaka kwenda waandikishe majina kwa mwandishi wa chama.